Kibuyu Kinakungoja, Mikayi

Kwa Mikayi, mke mkubwa wa nyumba yetu, huko Sori.

Wewe mwanamke, umekufa? Kama umekufa, mbona sikuitwa kulia? Kiangazi chote kimepita, mvua imerudi, na hujakanyaga hapa Homa Bay hata siku moja. Goti lako likoje? Ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo umekaa vibaya.

Anayeshika kalamu ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Hajui lugha yetu, ndiyo maana unasikia Kiswahili. Mwalimu wa kanisa akusomee. Nimemwambia fundi asilainishe neno langu hata moja.

Sasa sikiliza. Mjukuu wetu Atieno anavimba.

Mama yake alipokufa nikaja kumlea, unajua, na mwanangu akanipangia chumba kando ya chake, maana mama halali kwa mwanawe. Nilidhani mjini watu wanashiba. Uongo! Asubuhi chai na mkate, jioni ugali na chumvi. Ziwa naliona nikisimama mlangoni, lakini samaki wazuri wanapanda lori waende zao mbali. Mboga za sokoni zimelala siku mbili kwenye magunia, ukichelewa unakuta majani ya manjano. Mtoto amekula mkate mpaka nywele zimekuwa rangi ya kutu. Ukimbonyeza mguu, shimo la kidole linabaki.

Nilimpeleka hospitali. Nesi akasema, "Mama, mpe mboga, maharagwe, dagaa." Nikamwambia, "Binti yangu, kwani maharagwe yanaota kwenye veranda?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Basi panda, mama. Lakini usikawie."

Mwenye nyumba akatupa uwanja nyuma ya jikoni, palipokuwa pakitupwa majivu. Wanawake wa milango minane tukalima siku mbili, tukatoa chupa na vipande vya mabati. Udongo mweusi, umekunywa mvua. Dek, mgagani wetu, ikishikwa vizuri, wiki tatu unachuma, na osuga, ule mnavu, inafuata. Milango minane ingekula kijani bila kungoja gunia la mtu. Nikaleta kibuyu cha mbegu. Wote wakakunja mikono.

"Anza wewe, mama. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Na mimi nikakunja mikono.

Mikayi, nitapandaje kabla yako? Tangu nizaliwe sijaona mke wa pili akitia mbegu ardhini kabla ya mke mkubwa. Nimetuma neno mara mbili kwa watu wa boti: umeshapanda? Kimya. Fundi ananicheka, "Mama, huku ni mjini, nani atajua?" Nikamwambia, "Shona suruali yako." Jirani mwingine ananong'ona eti mtoto amevimba kwa chira, kuna mwiko tumevunja. Basi niambie wewe. Nisipopanda, njaa inammaliza. Nikipanda kabla yako naye akazidiwa, nani atanishawishi kwamba si mimi niliyemuua? Sina pa kushika. Nakaa nimeshika mguu wake tu.

Najua umenuna kwa ajili ya kibuyu. Nilikitoa darini kwako bila kuomba, kwa sababu ningeomba ungeninyima, na haki ingekuwa yako. Nimekosa. Nitukane ukifika, nitukane mbele ya milango yote minane, lakini fika. Huyu mtoto alijifunza kutembea huko nyumbani akishika nguo yako, si yangu. Mpaka leo akianguka anaita jina lako. Linaniudhi, lakini ndivyo.

Nisalimie shemeji yetu msuka nyavu, umwambie aache kukohoa. Msalimie mke wa mwanao mdogo. Kama amejifungua, mtoto asiitwe jina langu, atakuwa mbishi. Na mwalimu anayesoma hii, Mungu amlindie koo.

Boti inakuja Alhamisi. Nitangoja hiyo moja. Usiposhuka nitapanda kwa mkono wangu, na chira ikitaka mtu, inikute mimi.

Ni mimi yule yule, mke mwenzako mwenye mdomo.

Ukishuka, usije chumbani kwangu, usiulize chai. Pita moja kwa moja nyuma ya jikoni, nitakuwa nimesimama na kibuyu. Piga hilo goti lako bovu, utie mstari wa kwanza. Wa pili ni wangu.