Nkulu, Hakukuwa na Ng'ombe Barabarani

Mwaka umetimia, Nkulu, tangu tulipokuzika mchana ule wa mvua ya 1975 hapa Nchelenge, na bado kuna watu wanaotaka tuseme uliuawa na ng'ombe. Hatusemi. Hatukusema siku ile, hatusemi leo, na anayekasirika na akasirike.

Tunasema na wewe, lakini wenye masikio wasikie. Ulizaliwa Kilwa, si ile ya pwani, bali hii ya ng'ambo ya ziwa. Ulivuka Ziwa Mweru na samaki wa watu ukiwa kijana, ukampenda Berthe, ukabaki. Uliendesha lori la kijani la tajiri mmoja wa Kashikishi, ukipeleka samaki wabichi kwa wachimba migodi wa Copperbelt. Kazi yenyewe inajulikana: barafu inayeyuka, pantoni ya kuvuka mto pale Chembe inafungwa jua likizama, na samaki hamsubiri mtu. Ndiyo maana madereva wenzako walimeza vile vidonge vyeupe vya kufukuza usingizi, kisha wakavuta bangi ili mikono iache kutetemeka. Mkono ukiacha kutetemeka, ulichelewa pia kwenye breki. Hilo hawakulisema.

Wewe ulikula. Uliketi kwenye kibanda cha Berthe sokoni Kashikishi, ukamaliza bukari, ugali wa kwenu, na samaki mzima hadi mifupa, ukanawa, ndipo ukashika usukani. Ukifika Mwense ulivua viatu na kulala chini ya lori, huku abiria wakikupigia kelele kutoka juu ya mizigo. Uliwajibu umefumba macho: "Kama munataka kufika mbio, shukeni, mutembee na miguu." Ukikosa pantoni, uliwatia samaki chumvi, ukapiga mluzi, ukalala tena. Walikuita Baba Usingizi. Berthe alilichukia jina hilo, wewe ulilipenda.

Hukuweza kumpita mwanamke mjamzito njiani. Kiti cha mbele kilikuwa chake, hata tajiri mwenyewe akiwamo na ikambidi ahamie nyuma na vikapu.

Bwembya alikuwa dereva wa namna nyingine. Alikuwa wa kwanza kufika Kitwe kwenye migodi, kipenzi cha wanawake wa soko, ambao walimwekea samaki wao wazuri na kumwita Ndege. Siku ya ajali alikuwa akirudi, hajalala tangu aondoke, kidonge juu ya kidonge. Kwenye kona baada ya Mwansabombwe alihamia upande wako. Wewe ulikuwa umeshiba na kulala, macho yako mazima, ukalipeleka lori kwenye matope ili umkwepe. Haikutosha.

Bwembya alivunjika mguu tu. Alipoulizwa kitandani alisema aliona kundi la ng'ombe likivuka barabara. Ng'ombe! Huku kwetu, ambako mtoto anaweza kukutajia samaki wote wa ziwa kwa majina, lakini ng'ombe amemwona kwenye kopo la maziwa! Habari ikafika msibani kabla jeneza halijafungwa. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba ng'ombe wasioonekana na wengine wana mwenyewe aliyewatuma, kwamba aitwe mganga amtaje. Macho yakamtafuta shangazi yako Olipa, kwa kuwa ni mzee, anaishi peke yake, na mlikuwa mmegombana kidogo juu ya wavu.

Berthe alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Mjane hatakiwi kusema neno hadi maiti izikwe. Alimwona Olipa akijikunyata pembeni, chitenge amekivuta hadi kidevuni, akijua kinachokuja. Na Berthe, Nkulu, mkeo yule aliyekuwa akimwomba radhi hata kuku akimkanyaga, akasimama.

"Ile ng'ombe haina ya mutu," alisema. "Ilitoka mu kidonge. Bwembya hakulala siku mingi, njo akaona kintu chenye hakiko. Kama munaita nganga, mumwambie achunguze mifuko ya bashofere!"

"Mama Angèle, ikala chini," mzee mmoja akamkemea kwa jina la binti yenu. "Mufiwa hasemake."

"Nitaikala siku Nkulu atasimama."

Mganga hakuitwa. Olipa alitupa udongo kaburini kama shangazi yeyote, na jioni alikula nasi chungu kimoja.

Lakini vidonge viliendelea kuuzwa, na malori yaliendelea kukimbia. Matanga yalipoisha Berthe alirudi kibandani kwake akiwa na jambo kichwani. Alikuwa amewapikia madereva miaka mingi, na alijua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza: mtu wa vidonge hali chakula. Njaa yake inakufa. Sahani inarudi kama ilivyokwenda. Basi akatangaza kwamba samaki wake, anayemtuma migodini, hapandi lori mpaka dereva amalize chakula mbele yake. Walimcheka sana. Walisema mke wa Baba Usingizi amefungua hospitali. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Maggie, mwenye samaki wengi kuliko wote pale sokoni, kwa sababu kijana wake husafiri na mzigo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wengi wao kwa kunung'unika.

Wiki iliyopita tajiri alimleta dereva mpya, Nsama. Lori lilikuwa limejaa hadi juu, maji ya barafu yakidondoka. Nsama akaketi mbele ya sahani, akafinyanga tonge, akalirudisha. Akafinyanga tena. Taya zilikuwa zikicheza na mdomo mtupu.

"Nitakula mu njia, mama," alisema.

"Ulilala wakati gani, mwana yangu?"

Nsama alimtazama tajiri.

"Shusheni," Berthe akasema.

Tajiri alipiga kelele hadi wavuvi wakatoka ufukweni kuja kutazama. "Mwe banamayo, ninyi bamama, mutakula nini? Samaki itaoza!"

Maggie alikuwa tayari juu ya lori, kikapu kichwani. "Awe, mukwai, hapana bwana. Samaki ikioza, tutavua ingine. Nkulu tutamuvua wapi?"

Wakawapasua samaki palepale, wakawatia chumvi, wakawasha moto, na Kashikishi yote ikanuka moshi. Lori lilibaki tupu. Nsama alivua viatu akalala chini yake, kama wewe, akalala hadi kesho yake. Alipoamka alikuja kibandani bila kuitwa, akala akamaliza, akaomba nyingine. Berthe alimwongeza. Kisha akageukia ziwa na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Tulimwacha alie. Tulikuwa tunalia pia, na tulifurahi, yote mawili.

Kwa hiyo lala, Baba Usingizi, hakuna tena wa kukupigia kelele.

Tunaokukumbuka ni mkeo Berthe. Binti yako Angèle, anayepiga mluzi vibaya kama wewe. Shangazi yako Olipa, ambaye yu hai na hamwogopi mtu. Ndugu zako wote wa Kilwa. Maggie na wanawake wa soko. Bwembya naye aliomba jina lake liwemo. Tulimwambia aseme kwanza, mbele ya watu wote, kwamba hakukuwa na ng'ombe. Jumamosi alisimama sokoni kwa fimbo yake, akasema. Tumemweka, lakini wa mwisho.

Hatutakusahau, Nkulu, maadamu moto wa kibanda chenu unawaka. Na dereva anayetaka samaki wetu, aje na njaa.