Mujinga Alikamata Nafasi Yangu ku Televizio

Jumamosi

Hapana, sioni haya hata kidogo kwa kile nilifanya.

Mujinga, rafiki yangu tangu masomo, ndiye aliambia mukubwa wa teatri yetu kama niko mugonjwa, akakamata nafasi yangu ya kucheza bibi ya mutajiri. Mie nikabakia mutumishi wa kuleta bia, bila kusema neno.

Leo tulicheza ku televizio, Lubumbashi yote inaangalia palepale. Nikaweka bia pa meza, nikamuuliza Mujinga: «Mama, na ule rafiki uliyemusingizia ugonjwa, alishapona?»

Mujinga akasahau maneno yote. Bantu balikuwa pale bakacheka mpaka machozi.

Mukubwa akanifukuza. «Citoyenne, mwananchi weye, usirudi tena hapa!»

Kazi imeisha, na sijui nitaambia mama nini. Lakini bukari, ugali wetu, ya leo nilikula kwa hamu, nikaomba ingine.