Megahezi Mia Sita

Nkoaranga,
4 Machi 2006

Mpendwa mwanangu Ebenezer,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kwa baridi ya huku mlimani, ila shambani anakwenda na hakatazwi. Anauliza unakuja lini. Miaka inapita huko Ujerumani, na mimi nimechoka kukujibia.

Kompyuta ya kupakata uliyompa mgeni wa usharika ilifika. Asante. Ila ni goigoi. Nikiandika neno la kamusi yangu ya Kimeru, herufi zinatokea mimi nikiwa nimeshafika neno la pili. Mchungaji anayo ya kwake, kwa sura ni mbovu kuliko hii, na inakimbia. Hiyo programu ya Linux uliyoniwekea ina ugonjwa gani?

Baba yako,
Mwl. Elimringi


Leipzig,
25 Machi 2006

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mpe Mama pole ya magoti. Suala la kuja tutaona, kazini wamenibana.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu amri hizi ukizisikia kwa sikio utazikosea. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika cat /proc/cpuinfo, bonyeza Enter, utafute mstari wa MHz, yaani megahezi. Hapo utaona mwendo wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ikipumzika huwa 600, ikipewa kazi inapanda hadi 1600. Kama haipandi, iamuru kwa maneno niliyoandika nyuma ya barua hii, uyanakili kama yalivyo. Pia puliza vumbi kwenye feni. Ikipata joto sana hujipunguzia mwendo.

Mwanao,
Ebenezer


Nkoaranga,
22 Aprili 2006

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, mvua zimeanza na migomba imepata nafuu. Mama yako anasema "tutaona" siyo tarehe.

Nimenakili amri yako, ikakubali bila ubishi. Nikatazama: 600. Nikapuliza feni mpaka nikapiga chafya: 600. Jamani! Hata mimi na uzee wangu nikiona mvua naongeza hatua.

Jingine ni mgao wa umeme. Ukikatika, kompyuta inazima hapohapo na kunimezea maneno yangu. Mimi nilidhani zina betri. Lakini adabu inayo, nisiisingizie: kila asubuhi nikiiwasha inanisalimia kwa Kiingereza, mistari miwili mitatu. Miwani yangu haifikii maandishi madogo namna ile. F1 tu ndiyo naiona, naibonyeza, basi, tunaendelea na kazi.

Baba yako,
Mwl. Elimringi


Leipzig,
9 Mei 2006

Shikamoo Baba,

Ile siyo salamu! Inalalamika kwamba haiitambui chaja uliyoichomeka. Kompyuta ya aina hiyo huitambua chaja yake. Ikichomekwa ya kigeni, betri haijazwi, na prosesa inafungiwa kwenye mwendo wa chini kabisa. Hapo hakuna amri ya Linux itakayosaidia, nimekusumbua bure.

Lakini chaja niliyotuma ni yake yenyewe. Iko wapi?

Msalimie sana Mama.

Mwanao,
Ebenezer


Nkoaranga,
3 Juni 2006

Mwanangu,

Hatujambo. Nilimuuliza mama yako. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa.

Chaja yako iko kwenye kabati la vyombo vya wageni, imeviringishwa kitenge, karibu na kikombe chako cha bluu. Kompyuta ilipofika mama yako alishuka mjini, kwenye duka la Vinod la vitu vya umeme, akaomba chaja ya kutumia kila siku. Vinod akampa inayoingia kwenye tundu. Nyumba hii unaijua. Zile sahani nzuri sijawahi kulia chakula mimi.

Nikamsomea barua yako, nikamwambia kamusi imekwama, alete chaja. Akasema: "Kumbe ndiyo inayoikimbiza? Basi kitu cha Ebenezer atakitoa Ebenezer mwenyewe." Nikaomba ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la khanga, akaendelea na maharage yake.

Nimeoa mkaidi, na uzee huu simwezi. Kama huna nafasi ya kuja, tuma chaja nyingine.

Baba yako,
Mwl. Elimringi


Leipzig,
30 Oktoba 2006

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, najua unasomewa.

Samahanini kwa ukimya wangu. Chaja niliinunua mwezi ule ule wa Juni. Nikaifungasha, nikaandika anwani, nikafika nayo posta, nikasimama kwenye foleni. Nikawaza: ikifika, kompyuta itakimbia, Baba atamaliza kamusi, na Mama hatauliza tena nakuja lini. Nikatoka kwenye foleni. Tangu siku hiyo iko mezani kwangu, na kila nikiitazama nawakumbuka. Jana nimeirudisha dukani.

Natua uwanja wa ndege wa KIA tarehe 19 Desemba. Baba, vumilia hiyo mia sita mpaka hapo. Mama, ufunguo usimpe mtu.

Mwanenu,
Ebenezer