Ukwaju Juu ya Bastola

Jumatatu, 3 Novemba. Riyadh

Lenzi nimeifuta. Betri ya tochi nimebadilisha. Glavu za pamba zinakauka kwenye kamba ya bafuni. Kila Jumatatu ni hivi, hata pasipokuwa na cha kukagua.

Habari ya madereva waliocheleweshewa ikama, kibali cha ukaazi, nimeituma Nairobi asubuhi. Mhariri kimya. Atajibu akitaka kukata aya.

Mchana simu kutoka Jeddah. Abu Talal, mkusanyaji wa silaha za kale, mwenye jumba Al-Hamra. Hatujawahi kuonana. Ananijua kwa ule ukurasa wangu wa kila mwezi wa wapenzi wa silaha za kale. Anataka niende nikaishike ile bastola yake kubwa ya kijeshi, niikague, niiandikie. Anakusudia kuileta Riyadh kwenye maonyesho.

Siku aliyoinunua, miaka mingi sasa, alinitumia picha yake. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotazama picha za ndugu zangu. Baba alikuwa fundi wa silaha jeshini, na nguo zake zilinuka mafuta ya bunduki hata Jumapili. Vita sivipendi. Napenda chuma kilichotengenezwa na mtu aliyejua kazi.

Sauti ya Abu Talal haikuwa ya mtu mwenye furaha. Tiketi nimekata hata hivyo.

Jumatano, 5 Novemba. Jeddah

Nimeishika.

Niandike kwanza kitu chenyewe. Bastola ndefu kama mkono wa mtoto, kutoka kiwiko hadi vidole. Magazini iko mbele ya kifyatulio, si ndani ya mpini. Mpini mwembamba, wa mviringo, mbao yenye mistari. Ala yake ni ya mbao pia, na ukiipachika nyuma inakuwa kitako, bastola ikageuka bunduki ndogo. Kilengeo kina namba hadi mita elfu moja. Huyo alikuwa mhandisi aliyekaa ofisini, hajawahi kulenga kitu na mikono yake ikitetemeka. Mtutu umezibwa, Abu Talal anasema ilizimwa kisheria kabla hajainunua. Nzito mbele. Inataka kuinamia sakafu. Nilifurahi kama mpumbavu.

Kisha akaigeuza.

Ubavu wa kushoto hauna weusi. Ule weusi wenye kibuluu, ambao kwa mkusanyaji ndio bastola yenyewe, umetoka wote. Kijivu kitupu, kama sufuria iliyosuguliwa.

Aliyefanya hivyo alikuwa ametuletea kahawa. Zuhura, mfanyakazi wa nyumbani, Mkenya, mtu wa Likoni. Vikombe viligongana kwenye sinia. Abu Talal hakumtazama.

"Andika ilikuwaje na imekuwaje," akaniambia. "Andika ni nani. Karatasi yako nitaipeleka polisi."

Kwa hiyo sikuitwa kukagua. Nimeitwa kutoa ushahidi.

Madam, mke wa Abu Talal, aliniruhusu niende jikoni kunawa mikono. Zuhura alinisimulia akiwa ameupa mlango mgongo, anaosha birika ambalo lilikuwa safi. Mwezi uliopita palikuwa na wageni. Madam alisema kila kitu king'are. Yeye akafanya kama kwao siku za kuelekea Idi: akaroweka ukwaju, akasugua mabirika ya kahawa, vyetezo, sinia. Vikang'aa. Kabati la kioo lilikuwa wazi, na bastola imo, nyeusi.

"Nikasema, dadangu, hii nayo imeshika masizi. Nikaipaka upande mmoja, nikaenda kuitikia kengele. Kurudi, lahaula."

Nikamuuliza kwa nini hakuuliza kwanza.

"Nimuulize nani? Baba mwenye nyumba nikimuuliza kitu huniambia yalla, yalla. Nami nilitaka ing'are tu."

Mkataba wake umekwisha. Binti yake anaolewa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Likoni. Ruhusa ya kutoka nchini moja kwa moja hutolewa na kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, kwenye simu yake mwenyewe. Kubonyeza tu. Abu Talal amekataa kubonyeza mpaka jambo la bastola liishe.

"Harusi bila mama," Zuhura akasema. "Watasema nimekufa huku, watu wananificha."

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Novemba. Jeddah

Nimelala Ruwais, kwenye hoteli ndogo karibu na bahari. Shuka zina unyevu. Ufunguo wangu wa sanduku umeanza kuota kutu tangu mara ya mwisho nilipokuja huku.

Ni huo ufunguo ulionishtua asubuhi.

Zuhura alipaka ukwaju mwezi uliopita. Chuma kilichovuliwa weusi kwa asidi, katika mji huu, kingeshika kutu kabla ya wiki kwisha. Ubavu ule wa bastola ni mkavu na safi. Nimeutazama kwa lenzi. Una vishimo vidogo vidogo, lakini hauna chembe ya kutu.

Na nilipovuta nyundo ya bastola ikarudi, ililia tup. Chuma hulia ting. Nilisikia jana, nikajidanganya kwamba ni zulia.

Si chuma. Ni madini laini ya kumiminwa, yakapakwa weusi. Sanamu ya bastola. Nzuri, ya bei, ya kuwekwa kabatini, lakini haijawahi kuwa silaha. Sina hakika kamili. Sumaku ilikuwa mkobani mwangu jana na sikuitoa. Jambo kama hili hulifanyi mbele ya mkewe na mfanyakazi wake.

Nilidhani ningefurahi. Kama si halisi, Zuhura hakuharibu kitu cha maana. Furaha imedumu muda wa kikombe cha chai.

Maana nimejiweka mahali pa Abu Talal. Ukiambiwa bastola yako si ya kweli, unasema nini kwanza? Husemi nilidanganywa. Unasema imebadilishwa. Na ni nani mwenye kufungua kabati? Leo Zuhura ana kosa la kusugua. Nikisema ukweli vibaya, kesho atakuwa na kosa la kuiba silaha.

Nimeona magereza mengi kwa sababu ya kazi. Sijawahi kumpeleka mtu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Novemba. Jeddah

Nimeipekua simu yangu tangu baada ya sala ya Ijumaa. Picha ya Abu Talal, ile ya siku ya kununua, ipo. Nashukuru sifuti vitu.

Ubavu wa kulia, mpini na kilengeo vinaonekana vizuri. Juzi nilipiga picha zangu, ubavu uleule. Nimeziweka pamoja. Mpini una kifundo cha mbao chenye umbo la jicho la ndege. Kiko kwenye picha zote mbili, mahali palepale, na mstari uleule unakikata. Chini ya kilengeo kuna tundu dogo, kama ncha ya sindano. Miaka yote hii nilidhani ni vumbi kwenye lenzi yake. Ni kiputo cha hewa. Chuma kilichochongwa hakina viputo. Kitu cha kumiminwa kinavyo.

Kwa hiyo ni bastola ileile. Hakuna aliyebadilisha. Aliinunua hivyo, kabla Zuhura hajakanyaga nchi hii.

Ninao ushahidi, lakini ushahidi haubonyezi simu ya mtu. Mwenye kubonyeza ni mwanamume ambaye nitamwaibisha kesho ndani ya nyumba yake.

Sijala.

Jumamosi, 8 Novemba. Jeddah

Niliomba kuiona mara ya pili. Nikaomba pia tuwe wawili tu, mlango wazi kwa heshima, madam kwenye sebule ya pili. Zuhura nilisema asilete kahawa. Kama kuna mtu ambaye Abu Talal hatamsamehe, ni yule aliyemwona akiaibika.

Sumaku yangu sikuitoa. Angeweza kusema ni hila ya mwandishi. Nilimwomba alete yake. Akaenda jikoni mwenyewe, sidhani huingia mara nyingi, akarudi na sumaku ya friji ya madam. Ina umbo la samaki mwekundu.

"Ijaribu kwenye ala kwanza," nikamwambia, "pale kwenye bawaba." Ikanasa.

"Sasa kwenye mtutu."

Samaki akaanguka zuliani. Akamwokota, akajaribu kwenye magazini. Akaanguka. Kwenye ubavu mweusi. Akaanguka. Abu Talal hakukoma hadi alipopitia bastola nzima. Kifyatulio peke yake kilishika, na skrubu mbili.

Nilimtazama shingoni. Ilibadilika rangi polepole.

"Ameibadilisha," akasema. Kwa sauti ya chini. "Wallahi ameibadilisha."

Nilikuwa nikilisubiri neno hilo tangu juzi, na bado lilinipiga. Nikatoa simu. Picha yake, picha yangu. Jicho la ndege, jicho la ndege. Tundu, tundu. Sikueleza zaidi ya hapo. Akapanua picha kwa vidole, akarudisha, akapanua tena. Kiyoyozi kilinguruma. Madam aliita kitu kutoka chumba cha pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Na ukurasa wako?"

"Ukurasa wangu ni wa silaha. Hii si silaha. Sina cha kuandika."

Sikutaja ruhusa ya Zuhura. Nilitaka sana kuitaja. Lakini mtu aliyetoka kupoteza uso ukimdai kitu papo hapo, atakunyima ili abaki na kitu. Nikaaga. Akasema Mungu akusahilishie safari, ewe ustadha. Hakuinuka.

Zuhura alikuwa ukumbini anapanguza vumbi palipokwisha panguzwa. Nikapita nikimwambia asubiri, asiseme lolote. Alinitazama kama mtu aliyekabidhi mzigo wake kwa asiyemjua.

Sijui kama nimefanya vizuri.

Alhamisi, 13 Novemba. Riyadh

Hakuna habari. Nimemwandikia Zuhura, ujumbe haujamfikia. Simu yake imezimwa au amenyang'anywa. Abu Talal nimemwandikia salamu tu. Amesoma. Hajajibu.

Kazini nimeandika jina la waziri vibaya. Haijawahi kunitokea.

Jumatatu, 17 Novemba. Riyadh

Lenzi. Tochi. Glavu. Mikono inajua yenyewe.

Najiuliza kama nilipaswa kumdai palepale. Au kumtishia: bonyeza, la sivyo naandika. Waandishi hufanya hivyo na wengine hulala vizuri. Lakini ningeandika, na angeenda polisi, na neno lake lingefika kabla ya gazeti langu.

Zuhura bado kimya.

Alhamisi, 20 Novemba. Riyadh

Maonyesho yamefunguliwa. Nilienda kwa kazi, na si kwa kazi.

Usiku kucha hofu mpya ilikuwa hii: vipi kama Abu Talal ameipaka weusi upya akaileta? Angeiuza kwa mwingine, na kunyamaza kwangu kungekuwa kushiriki udanganyifu. Hapo ningelazimika kusema, na Zuhura angelipa.

Meza yake nimeipata. Majambia, upanga mmoja wa Yemen, mzuri sana. Bastola hakuna. Mteja mmoja mzee akamuuliza, "Na ile kubwa, ya kijeshi, uliyotuahidi?" Abu Talal akajibu bila kupepesa: "Hiyo haitoki nyumbani tena. Ni ya familia."

Kisha akaniona. Tulitazamana juu ya majambia. Akatoa simu mfukoni, akaishika, akairudisha. Akamgeukia mteja.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni. Sielewi ile simu ilikuwa nini.

Jumamosi, 22 Novemba. Riyadh

Ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Zuhura.

"Dada, ni mimi. Simu yangu ilianguka kwenye ndoo ya kudekia, hii ni ya dereva. Baba amebonyeza. Alhamisi jioni, akiwa huko huko kwenu. Madam amenisomea mwenyewe. Jumatatu nasafiri. Sijui umemwambia nini, na sikuulizi. Ila kabati amelifunga ufunguo, na ile bastola ameilaza upande mweusi ukitazama kioo. Wageni hawajui. Mimi sijui pia."

Akacheka, kicheko kizima safari hii. Dereva akasikika akimwambia apunguze maneno, kifurushi cha simu kinaisha.

Ndoo ya kudekia. Wiki mbili nilimwona kwa mawazo kwenye selo, na simu ilikuwa kwenye ndoo.

Jumamosi, 29 Novemba. Riyadh

Picha kutoka Likoni. Sinia za shaba ukutani nyuma ya bibi harusi, zinawaka. Zuhura pembeni, leso mpya, kiganja amekiinua kuonyesha doa la kahawia la ukwaju.

Mhariri ameuliza ukurasa wa mwezi huu uko wapi. Nimemtumia upanga wa Yemen.

Jioni nimemwaga vitu vya mkoba mezani ili nipange. Chini kabisa, amenasa kwenye sumaku yangu, samaki mwekundu. Lazima nilimkusanya na vyombo vyangu siku ile. Nimemwandikia madam kwamba nitamrudisha. Amejibu halas, yamekwisha, kaa naye.

Nimembandika kwenye friji yangu. Ameshika.