Maktaba Iliyofutwa Mtandaoni

Nilisikia kengele kabla sijainua macho. Ile kengele ya riksho tuliyoifunga mezani, anayopigiwa mtu akiharibu programu. Niliwatungia wenzangu mashairi ya kejeli juu yake. Shihab, leo imelia kwa ajili yangu.

Unaikumbuka ile maktaba ya msimbo, kazi ya mtu mwingine, niliyoiunganisha kutoka mtandaoni ili programu yetu ipige simu za sauti yenyewe? Mwenyewe aliyeiandika ameifuta. Ameifuta, ndugu yangu! Programu haijengeki tena.

Dada Sufia, mkuu wetu, alishaniambia, "Weka nakala hapa kwetu." Nikamjibu mbele ya watu, "Dada, hayo ni mambo ya waoga." Ya waoga! Na nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yangu niliifuta jana, eti nasafisha.

Mto Teesta unapanda. Simu za onyo la mafuriko zilikuwa ziende vijijini jioni hii.

Dada Sufia hakunifokea. Bora angefoka. "Mama yangu yuko kule na hajui kusoma ujumbe. Haya mshairi, nani atampigia?"

Nimejaribu kila njia ya kuipata tena. Hakuna. Na vijiji ni vingi mno kupigiwa kimoja kimoja.

Nikashika simu yangu, nikasema ofisi nzima ikisikia: "Nitaanza na mama yako, dada, kisha jirani zake, mpaka sauti inikauke."