Kamera Iko Mbele, Kapkatet

Mama Moraa,

Umepumzika bila mimi? Huku ni mvua na majani chai tu. Mkwe wetu Kiprotich amenibeba kwa lori ya kiwanda. Ameweka ka-GPS kenye sauti ya msichana, na akikimbia kanamgombeza. Akishikwa na spidi tena atanyang'anywa lori na kazi, kwa hivyo anakatii kuliko anavyomtii Moraa wetu. Karibu na Kapkatet kakasema, "Kamera mbele!" Akakanyaga breki. Mimi nikavua kofia, nikachana ndevu, nikatabasamu.

"Baba, unafanya nini?"

"Ukifutwa kazi, angalau mmoja wetu atoke vizuri kwa picha."

Alicheka mpaka machozi, lakini mwendo hakuongeza. Kijana mzuri huyu, muombee. Na usizoee kulala katikati ya kitanda.

Mzee wako