Kamera ya Jicho Moja

Jumapili, 2 Juni

Nimetoka misa, nimekula, nimekaa kibarazani kusafisha kamera. Kila Jumapili hivyo hivyo. Kiangazi kimeanza na Gitega yote ni vumbi jekundu, linaingia hadi ndani ya begi lililofungwa zipu.

Baba mdogo Sylvestre kapiga simu nikiwa bado na kitambaa mkononi. Hakusalimu. Picha niliyompa dereva wa basi awapelekee yeye na Baba kule Butihinda, mkoa wa Muyinga, imefika, na yeye hayumo. Nikafungua kompyuta nikaangalia. Kweli. Kuna bega moja na nusu ya kofia, ukingoni kabisa.

Ingekuwa picha nyingine yoyote, afadhali. Hii ilikuwa ya mpaka wa shamba. Sisi tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Tuliporudi tulimkuta yeye, mdogo wake Baba, analima shamba zima, kwa sababu yeye hakukimbia. Wamevutana miaka. Mwezi uliopita wakakubaliana, wakapanda minyaa kwenye mpaka, wakanywa pombe ya ndizi kwa mirija katika chungu kimoja, nami nikawapiga picha. Mimi, mtoto wa waliorudi, nimemtoa yeye aliyebaki.

Anasema nimefanya makusudi. Kasema kwa Kirundi cha polepole, kile kinachouma. Nimemjibu kwamba ni kamera. Imezeeka. Nina hasira na kamera hii.

Jumamosi, 8 Juni

Studio ya Issa. Ndiye aliyeniuzia kamera hii miaka tisa iliyopita, ikiwa tayari imepitia mikono ya watu. Ni ya aina ya zamani: lazima uweke jicho kwenye kidirisha. Kioo cha nyuma kinaonyesha picha ambayo umeshapiga tu.

Sasa anauza ya kwake, mpya mpya. Unainua tu, unaangalia kwenye kioo cha nyuma kama simu, kila kitu kiko pale kabla hujabonyeza. Nimeishika kwa dakika tano nikaanza kuichukia ya kwangu.

Issa hana haraka. Baba yake alikuwa fundi cherehani mtaa huu huu, naye anauza kama fundi, anakuacha uvae kwanza. "Beba, Mwalimu. Ukae nayo semaine moja, siku saba. Ikikukatala, unairudisha, hakuna maneno."

Nimetoka pale nacheka peke yangu. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa Kiswahili, nachezea kamera barabarani.

Jumapili, 9 Juni

Mutoyi. Komunyo ya kwanza ya binti wa mwalimu mwenzangu. Watu ishirini na wawili kwenye ngazi za kanisa, bibi wawili wakigombania katikati, watoto hawatulii. Nikainua kamera ya Issa, nikatazama kwenye kioo, nikapiga.

Wote wamo. Nimewahesabu mara tatu. Hata kuku aliyepita upande wa kushoto yumo.

Basi. Nanunua. Jumapili ijayo napanda basi la Muyinga, nawapanga upya Baba na Baba mdogo, mambo yanaisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimepita kwa Issa baada ya vipindi kumwambia nanunua. Nikaisema vibaya ile ya zamani mbele yake. Nikamwambia inakata watu, hasa kushoto, na kwamba kidirisha chake kinadanganya.

Alikuwa anakata picha za pasipoti. Hakuinua hata uso. "Hapana, Mwalimu, zile za zamani ziko kinyume. Kile unaona ku kale kadirisha, kamera inapiga kile na zaidi kidogo. Haiwezi kukata mtu mwenye ulimuona."

Nikacheka. Nikasema labda ile yangu ni mbovu. Akasema labda.

Nimerudi nyumbani nikasahihisha insha kumi na nne. Sikumbuki hata moja iliandikwa nini.

Haiwezi kukata mtu uliyemwona.

Jumatano, 12 Juni

Leo mchana sikula. Nimetoa bahasha zote za picha chini ya kitanda, nikazipanga mezani. Za mwaka wa kwanza juu, za mwaka huu chini. Nilitaka kuona kamera ilianza kuharibika lini. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Safu za juu ni nzuri. Watu wako katikati, nafasi ya kutosha kila upande. Nilikuwa mpigaji mzuri, sijisifu.

Miaka minne iliyopita: harusi Nyarusange. Mshenga ana mkono mmoja.

Mwaka uliofuata: wanafunzi wa darasa la tisa. Msichana wa mwisho ana nusu ya uso. Nakumbuka alilia. Nilimwambia alisogea.

Mwaka jana: walimu kumi mbele ya ofisi. Kwenye picha wako tisa na kiwiko.

Mwaka huu, Baba mdogo Sylvestre.

Kila mara kushoto. Upande wa kulia hakuna hata mmoja aliyekatwa, hata mara moja. Na kila mwaka kisu kinaingia ndani zaidi kidogo. Wote waliomtangulia niliwaambia wamesogea.

Nimezirudisha bahasha chini ya kitanda.

Alhamisi, 13 Juni

Kuna jaribio dogo ningeweza kufanya. Dakika moja tu.

Sijafanya. Naogopa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefanya.

Saa nne asubuhi, jua limejaa uani. Nimeweka ndoo saba juu ya ukuta mfupi, mstari mmoja. Nikasimama pale pale bila kusogea. Jicho la kulia kwenye kidirisha, la kushoto nimelifumba, kama ninavyopiga siku zote. Nikatazama ndoo ya katikati. Nikahesabu tano.

Siyo kwamba kulikuwa na giza. Ningeona giza ningejua. Ukuta ulikuwepo, mwanga ulikuwepo, ndoo mbili za kushoto hazikuwepo tu. Mahali pake palikuwa pamejaa ukuta.

Nikabadilisha jicho. Saba.

Nikachukua kamera ya Issa. Nayo ina kidirisha chake juu, nilikuwa sikitumii. Jicho la kulia: tano. La kushoto: saba.

Kamera zote mbili nzima.

Nimekaa chini kwenye saruji hadi jirani akaniuliza kama nimeanguka. Nikasema natafuta pete. Sina pete.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda Muyinga. Nimewadanganya kuwa nina mitihani.

Siwezi kuacha kufikiria Baba. Alipofuka kambini akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mimi nilikuwa na kumi na miwili. Tulidhani lilikuja ghafla, na wengine wakanong'ona kuhusu uchawi. Sasa najua halikuja ghafla. Alikuwa anashtuka watu wakitokea pembeni. Alikuwa anamwaga vikombe. Na alikuwa na ile baiskeli.

Baiskeli ilikuwa haina hata mnyororo. Aliisukuma kila mahali, kisimani, kwenye mgao wa unga, kanisani. Tulimcheka. Miaka mingi baadaye ndipo alituambia kwamba alikuwa haoni njia. Gurudumu la mbele lilikuwa linamwambia palipo na shimo. Angeshika fimbo, watu wangejua. Akisukuma baiskeli, alikuwa mwanamume na baiskeli yake.

Miaka miwili alijificha hivyo. Alipokubali kupelekwa kwa daktari, daktari alimwambia amechelewa.

Na mimi nataka kununua kamera ya Issa. Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: bado naitaka. Naitaka zaidi kuliko wiki iliyopita. Nikitazama kioo cha nyuma natumia macho yote mawili, jicho la kushoto linamsaidia mwenzake, picha zinatoka kamili, hakuna wa kulalamika. Barabarani sijigongi. Darasani nawaona wote. Nikiiacha ile ya zamani, hakuna kitu kingine duniani kinachonilazimisha kufumba jicho moja. Hakuna atakayejua. Hata mimi naweza kusahau.

Ndiyo baiskeli yangu hiyo.

Jumanne, 18 Juni

Nimerudisha kamera.

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, kwamba shule imechelewesha mshahara. Issa akaniangalia tu. Nikajikuta namwambia kuhusu ndoo. Wa kwanza kuambiwa ni mtu wa studio, si ndugu, si rafiki.

Aliacha mkasi. "Mwalimu, iyo haiko ya kamera. Iyo iko ya hospitali. Kesho, si après-demain, si kesho kutwa."

Nikamwambia naogopa. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, na wateja wawili wamekaa pale. Akasema na yeye angeogopa. Kisha akafunga kamera yake ndani ya kabati. Akasema haiuzi kwanza, itaningoja. Sijui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa biashara. Kwa Issa vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Alhamisi, 20 Juni

Ni kweli.

Niandike kwa utaratibu. Jana sikwenda, nilifika geti la hospitali nikarudi. Leo nimekwenda.

Kwanza wamenipima presha ya macho. Muuguzi kaandika namba, akaitazama, akanipima tena.

Kisha ile mashine. Unaweka kidevu, unafunikwa jicho moja, unatazama nukta katikati. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku na kila ukiona kimoja unabonyeza. Jicho la kushoto nilibonyeza kama mtoto anayecheza. La kulia nilianza vizuri. Baadaye kukawa kimya, hakuna taa, muda mrefu. Nikadhani mashine imesimama. Nikamuuliza muuguzi kama umeme umekatika. Akasema, "Endelea kutazama katikati, mama." Nikaelewa taa zilikuwa zinawaka.

Daktari ni kijana, mpole, anaongea Kifaransa cha haraka na mimi nikamwomba aende polepole. Ugonjwa ni ule wa presha ya jicho. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote. Jicho la kushoto linaanza, kidogo sana. Nikauliza kama nitakuwa kipofu. Akasema hawezi kuahidi, ila kwa hali niliyofika nayo na nikitumia dawa bila kuruka, anatarajia nitaona uzeeni. Ndugu zangu wote wapimwe, hata wasiolalamika.

Akaniuliza kilichonileta, maana wengi huja wakati macho yote mawili yamekwisha. Nikasema kamera. Akadhani natania.

Nimelia kwenye pikipiki, mgongoni kwa dereva, hadi nyumbani.

Jumatatu, 24 Juni

Matone yanawasha. Nimekosa mara mbili, yakatiririka shavuni. Naamka asubuhi nafumba jicho moja, natazama ndoo. Tano. Kila asubuhi naogopa zitakuwa nne.

Jumapili, 30 Juni

Tano.

Nimesafisha kamera. Ya zamani. Sikufikiri, mikono imejiendea yenyewe baada ya misa. Nimepiga simu kwa Issa nikamwambia auze ile. Naendelea na hii inayonisema.

Jumamosi, 6 Julai

Butihinda. Nimefika saa sita, uji wa mtama umeningoja.

Baba mdogo Sylvestre alinipa mkono bila kunitazama. Nikamwomba akae, nikawaambia wote wawili pamoja, yeye na Baba, mara moja, nisije nikarudia. Macho. Kushoto. Kwa nini hakuwemo kwenye picha. Baba aliinamisha kichwa. Baba mdogo akavua kofia, akasema, "Ihangane," kama anavyoambiwa aliyefiwa. Kisha akauliza kama na yeye ugonjwa huo unamhusu. Nikasema ndiyo, yeye ni ndugu wa damu, apimwe. Akafumba jicho moja akatazama minyaa, akafumba la pili. Hakusema alichoona. Ila tumekubaliana kwenda naye Muyinga mjini Jumatatu.

Tukapiga picha upya. Alisimama kushoto kabisa, mbali kuliko mara ya kwanza, makusudi. Mzee mkorofi. Nikaweka jicho la kushoto kwenye kidirisha. Pua inakaa vibaya na mkono hauzoei. Nikamwona mzima, kofia na fimbo. Nikabonyeza.

Jioni tulikaa nje, Baba na mimi. Mbuzi wakarudi, akasikia kengele. "Saa ya dawa," akasema. Nilikuwa nimesahau. Akaomba kichupa, akakizungusha kwenye vidole, akanusa, akanirudishia. Nikamwambia kwamba nalikosa jicho, kichwa hakitulii.

Akanisogeza, nikalaza kisogo mapajani mwake kama zamani akininyoa kambini. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, kwa nguvu. Mikono ina harufu ya udongo na tumbaku. Juu yangu macho yake yalikuwa wazi, hayaangalii popote. Nikainua kichupa, nikadondosha tone.

"Limeingia?"

"Limeingia, Baba."

"La pili."